Ndege niliyemwacha Njombe nimemkuta Texas. Amefikaje?

#1 Mbena_Houston
Wakuu habari zenu. Jambo hili nimekaa nalo wiki nzima, nimeona nililete hapa maana wajuzi wapo.

Jumamosi iliyopita nilikwenda hifadhi ya Attwater Prairie Chicken, karibu na mji mdogo wa Eagle Lake, kama kilomita 100 magharibi ya Houston. Ni tambarare ya majani, mti mmoja mmoja kwa mbali, na upepo. Nilikwenda kuwatafuta hao kuku wa porini walioipa hifadhi jina. Sikuwaona. Ila kwenye nguzo ya seng'enge kando ya barabara alikuwa ametua ndege, na nilipomwelekezea darubini mwili ukanisisimka. Kifua cha njano iliyokolea, shingoni mkufu mweusi kama herufi V, mgongo wa kahawia wenye michirizi ya majani makavu. Aliporuka akaonyesha weupe pembeni mwa mkia, akapiga mabawa haraka haraka, akateleza kidogo, akapiga tena, akazama majanini.

Ndege huyu namjua! Nimekulia Njombe nikichunga ng'ombe wa babu. Alikuwa akitutangulia njiani, anatua juu ya kichuguu, anaimba, ukimkaribia anaruka hatua kama ishirini anatua tena. Siku moja nikikata majani ya ndama nilifunua kiota chake chini ya shungi la nyasi, mayai matatu yenye madoa. Nikayarudishia majani juu, na shamba lile upande ule sikukata tena hadi makinda yakaondoka.

Naomba kueleweshwa. Amefikaje Texas? Aliletwa na watu, alihama mwenyewe, au hawa ni ndugu toka zamani?

#2 Kiti_cha_Mbele
Nimekaa. Wajuzi karibuni.

#3 Kozi_Mweusi
Mkuu, mbona jibu jepesi. Aliletwa. Kunguru wa Zanzibar tunajua alitoka India, leo Dar nzima ni yake. Huko Marekani nako mwaka 1890 mtu aliwafungulia ndege wa Ulaya pale Central Park, New York, wakaenea bara zima. Kuna tajiri alifuga hawa wa Njombe kwenye tundu, mlango ukafunguka, basi.

#4 Shangazi_Pangani
Kozi, usiwe na haraka mwanangu. Ndege anaweza kuvuka bahari bila kubebwa na mtu. Yangeyange, huyu mweupe anayefuata ng'ombe, ni wa kwetu Afrika. Mwishoni mwa karne ya 19 alionekana Amerika ya Kusini kwa mara ya kwanza, na wanaohusika na ndege wanakubali kwamba alivuka Atlantiki kwa mabawa yake, labda akisukumwa na upepo. Miaka ya 1950 alikuwa tayari anataga Florida. Mbena, hapo hifadhini hukumwona nyuma ya ng'ombe?

#5 Mbena_Houston
Shangazi, shikamoo. Nimewaona wengi! Hifadhi ina ng'ombe wanaolishwa humo kwa mpango ili majani yasizidi, na yangeyange wamewafuata vilevile kama Ruaha. Ndiyo maana nikawaza kwamba kama huyu kavuka, na yule wa njano kavuka.

#6 MwanaMweka
Wakuu, nimesomea wanyamapori, naomba niweke sawa. Kozi na Shangazi mifano yenu yote miwili ni ya kweli, lakini ndege wa Mbena hakuletwa wala hakuvuka. Ni ndege wawili tofauti kabisa.

Aliyemwona Texas anaitwa Eastern Meadowlark. Ni mzawa wa huko, mwanasayansi Linnaeus alimwandika mwaka 1758. Ukoo wake ni mmoja na wale ndege weusi wa mkia mrefu wanaojaa jioni kwenye maegesho ya maduka makubwa ya Houston, Mbena lazima unawajua. Ukoo huo uko mabara ya Amerika peke yake.

Wa kwetu wanaitwa longclaw, kwa sababu ukucha wa nyuma ni mrefu ajabu, anautumia kutembea juu ya mashungi ya nyasi bila kuzama. Wako aina 8 na wote ni wa Afrika. Ndugu zao ni yule ndege mwembamba mweusi na mweupe anayetikisatikisa mkia barazani.

Kwa hiyo kwa damu, wa Njombe yuko karibu na mtikisa mkia wa baraza lenu kuliko alivyo karibu na huyo wa Texas.

#7 Kiti_cha_Mbele
Kumbe!

#8 Mbena_Houston
MwanaMweka, nakuheshimu sana, lakini moyo unakataa. Mkufu ule ule? Weupe wa mkia ule ule? Kutua kwenye nguzo na kukugeuzia kifua? Mambo manne matano kwa pamoja, halafu hawahusiani?

#9 Kozi_Mweusi
Mbena unaumwa na nyumbani kaka. Mwezi ujao utatuambia umeona milima ya Kipengere imesimama katikati ya Texas.

#10 Mbena_Houston
Nyumbani nimepakumbuka kweli, Kozi, sikatai. Lakini macho yangu yako sawa.

#11 Nyanya_Kinangop
Kutoka Kenya, habari za jioni. Mbena hajakosea macho. Mimi huwatembeza wageni wa kutazama ndege hapa Kinangop, na Wamarekani wote wakimwona longclaw mara ya kwanza hutaja meadowlark kabla hata ya kuinua darubini. Wanacheka, wengine wanashangaa kama wewe, ila upande wa pili.

Sisi tuna wetu peke yetu, Sharpe's Longclaw, hapatikani nchi nyingine duniani ila Kenya. Mkufu wake umefifia, ni michirizi tu. Anataka majani mafupi yenye mashungi, na hayo majani ndiyo tunayalima viazi na kabichi, au tunapanda mikaratusi. Ardhi ni ya watu binafsi, mtu ana karo ya watoto, huwezi kumwambia asilime.

#12 MwanaMweka
Asante Nyanya. Mbena, tena kuna kitu nimerudi kukisahihisha. Umesema Njombe. Nyanda za juu kusini, yaani Njombe, Ufipa na kote huko, anapatikana sana Fülleborn's Longclaw, aliyepewa jina la daktari wa Kijerumani aliyefanya kazi huko enzi za ukoloni. Yule mwenye njano ya kutoka koo hadi tumbo, anayeonekana sehemu nyingi zaidi za nchi mpaka pwani, ni Yellow-throated. Unakumbuka kama chini ya mkufu palikuwa na michirizi myeusi? Yellow-throated anayo kifuani. Fülleborn kifua ni safi.

#13 Mbena_Houston
Mkuu nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka njano, mkufu na mayai.

#14 Shangazi_Pangani
Huku kwetu kuna mwingine ana jina la mto wetu, Pangani Longclaw, koo limeingia uchungwa. Nimemwona njia ya Mkomazi. MwanaMweka, nimekubali kwamba si ndege mmoja. Sasa tueleze, kwa nini wanafanana hivyo? Mungu ana sababu zake, lakini na sisi katupa akili za kuuliza.

#15 MwanaMweka
Shangazi, maelezo ninayoyajua ni kwamba mazingira ya aina moja huwatengeneza viumbe wa aina moja. Wote wawili wanaishi majani marefu pasipo na miti. Mwewe na kipanga wanapita juu, kwa hiyo mgongo lazima uwe rangi ya nyasi kavu. Lakini dume anahitaji kuonekana na majirani na majike, na hana tawi la kujionyesha. Anachofanya ni kuweka bendera kifuani. Akitaka kuonekana anasimama wima juu ya nguzo au kichuguu, anaimba. Akitaka kupotea anakugeuzia mgongo.

#16 Mbena_Houston
Hapo umenikumbusha kitu. Yule wa nguzoni, niliposhuka garini na kufunga mlango, aligeuka taratibu akanipa mgongo. Hakuruka kwanza. Alijikunyata, na ile njano yote ikatoweka, ikabaki kama kipande cha mti kimeota juu ya nguzo. Mwanangu aliyekuwa nami akauliza, "Baba, ameenda wapi?" na ndege yuko mbele yetu hatua kumi na tano!

#17 Mushi_Omaha
Miye niko Nebraska, kwetu Bukavu. Huku yuko mwenzake, Western Meadowlark, ni ndege wa jimbo letu. Majimbo sita yamemchagua, Nebraska, Kansas, Wyoming, Montana, North Dakota na Oregon. Kwa macho ni vigumu sana kumtofautisha na wa Mashariki, mpaka aimbe. Wa Mashariki anapiga mluzi mwepesi wa kuvuta, wa Magharibi sauti yake ni kama filimbi yenye maji ndani. Mchoraji wa ndege Audubon alipomwandika mwaka 1844 alimpa jina la Kilatini lenye maana ya aliyesahauliwa, kwa kuwa watu walimpita miaka mingi wakidhani ni yule yule.

Naingia kazini saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa nne nikisimamisha gari kule nyuma ya kiwanda, yeye ndiye wa kwanza kunisalimia, yuko juu ya nguzo ya uzio, giza bado halijaisha.

Sasa MwanaMweka, swali. Mgongo nimeelewa. Njano nimeelewa. Ule mkufu mweusi ni wa nini?

#18 Kozi_Mweusi
Kuvunja umbo. Kama pundamilia. Mwewe akiona njano moja kubwa anajua huyo ni ndege, akiona imekatwa na mstari mweusi anachanganyikiwa.

#19 Nyanya_Kinangop
Sidhani, Kozi. Mwewe anatoka juu, kifua hakioni. Mimi naona mkufu ni cheo. Madume wawili wakikutana mpakani hunyanyua vichwa na kutunishiana vifua, ule weusi unapanuka. Nimetazama haya asubuhi nyingi.

#20 Fundi_Saa_Mwanza
Lakini kwa meadowlark, dume na jike wote wana mkufu, na longclaw vilevile, jike ana rangi iliyofifia tu. Kama ni cheo cha madume, jike wa nini?

#21 Nyanya_Kinangop
Labda na majike wana mipaka yao. Sijakataa.

#22 MwanaMweka
Mushi, kuhusu mkufu mimi naona weusi unaifanya njano ionekane kali zaidi, kama nguo ya njano yenye pindo jeusi. Njano ya ndege hutoka kwenye chakula, mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe. Weusi mwili unautengeneza. Kwa hiyo ndege aliyeshiba wadudu wazuri anang'aa, na pindo jeusi linasaidia jirani kupima mng'ao huo. Lakini haya ni maoni yangu, msinishike shati.

#23 Mwalimu_wa_Zamu
Niongeze kuni. Hapo hapo Attwater kuna ndege wa tatu. Dickcissel, mdogo kama shomoro, dume ana kifua cha njano na bibu nyeusi ya V. Huyu hahusiani na meadowlark wala na longclaw, ukoo wake ni mwingine kabisa. Sasa ni koo tatu zimevaa sare moja. Mbena, ukienda mwezi wa tano utamwona kwenye kila kichaka cha magugu.

#24 Kiti_cha_Mbele
Sare ya shule ya majani hiyo.

#25 Fundi_Saa_Mwanza
Mwalimu, umesaidia upande mmoja na kuharibu mwingine. Kama majani yanalazimisha sare, mbona wengine hawaivai? Nyika hiyo hiyo ya Texas wakati wa baridi ina Sprague's Pipit, kahawia mwili mzima, anaishi majanini kuliko hao wote. Serengeti ina vijichole chungu nzima vya kahawia visivyo na tone la njano. Wanakula na kuzaa.

#26 MwanaMweka
Huyo wa Texas haimbii nguzoni. Sprague's huimba akiwa juu angani, mbali sana. Hahitaji bendera ya kifua.

#27 Fundi_Saa_Mwanza
Na longclaw naye huimba akiruka mara nyingi tu. Meadowlark pia ana wimbo wa angani. Bado sijaridhika.

#28 Nyanya_Kinangop
Na mbona hamjamtaja longclaw mwekundu? Rosy-throated, koo na kifua ni waridi, anakaa mabwawa ya majani. Amerika ya Kusini nako kuna ndugu wa meadowlark mwenye kifua chekundu kabisa. Yaani hata walipobadilisha rangi, wamebadilisha pande zote mbili za bahari. Hili ndilo linaninyima usingizi mimi.

#29 Shangazi_Pangani
Subhanallah.

#30 Kozi_Mweusi
Basi bara zilikuwa moja zamani, babu yao mmoja, bahari ikawatenganisha. Nimemaliza.

#31 MwanaMweka
Kozi, bara ziliachana kiasi cha miaka milioni 100 iliyopita. Koo hizi za ndege wa kuimba zimetokea baadaye sana. Na ingekuwa ni babu mmoja mwenye njano na mkufu, ungetarajia mtikisa mkia na wale weusi wa maegesho nao wabaki na alama zote hizo.

#32 Mushi_Omaha
Lakini kuna ndege wa Marekani anayekuja Afrika kila mwaka, hilo ni kweli? Nilisikia.

#33 Mwalimu_wa_Zamu
Kweli kabisa, Mushi. Northern Wheatear. Wanaozaliwa Alaska hawateremki Amerika ya Kusini, wanakata Asia nzima mpaka Afrika Mashariki, karibu kilomita 14,500 kwenda tu. Walifungwa mgongoni vifaa vidogo vya kupima mwanga, vinavyoonyesha walikopita, matokeo yakatolewa mwaka 2012. Uzito wake ni kama gramu 25. Shangazi, huyo unaweza kumwona huko kwenu mwezi wa kumi na mbili amesimama juu ya jiwe, pengine katoka Alaska.

#34 Shangazi_Pangani
Ahsante mwalimu. Mbena, na hao kuku uliokwenda kuwatazama? Umetuacha njiani.

#35 Mbena_Houston
Shangazi, hao ni habari ya kusikitisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 inakadiriwa walikuwa milioni moja, na nyika ya pwani ya Texas na Louisiana ilikuwa ekari milioni 6. Leo nyika hiyo imebaki chini ya asilimia 1. Ikawa mashamba ya mpunga, miji, visima vya mafuta. Mwaka 1967 wakaandikwa kwenye orodha ya walio hatarini, na hifadhi ikaanza 1972. Tangu miaka ya 1990 wanatotolewa kwenye bustani za wanyama, hata ya Houston, kisha wanaachiwa porini. Dume ana vifuko viwili vya rangi ya chungwa shingoni, anavijaza hewa na kuvuma kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa, huku akipiga miguu chini haraka mno. Nilikaa tangu alfajiri nimetega sikio, nikasikia upepo tu.

#36 Nyanya_Kinangop
Kama tandawala wetu! Aina ya Kori, dume anatunisha shingo inakuwa kama mto wa kulalia, anavuma chini chini mpaka unausikia kifuani mwako. Na wale weusi wa mkia mrefu wa huku kwetu, Jackson's Widowbird, wanavyokusanyika majanini na kurukaruka kila mmoja kwenye kiwanja chake. Majani yanawafundisha ngoma.

#37 Fundi_Saa_Mwanza
Wanatotolewa miaka thelathini na bado hawajaongezeka? Tatizo ni nini?

#38 Mwalimu_wa_Zamu
Kila mmoja ana lake. Wapo wanaosema ni sisimizi wa moto, walioingia Marekani kutoka Amerika ya Kusini kwa meli. Wanamaliza wadudu, na kifaranga wiki za kwanza anaishi kwa wadudu. Wametia dawa sehemu fulani za hifadhi na vifaranga wakaishi zaidi.

#39 MwanaMweka
Wengine wanasema kifaranga wa kizimbani hajui mwewe. Hana mama wa kumfundisha kulala chini.

#40 Mushi_Omaha
Na mafuriko je? Kimbunga Harvey cha 2017 kiliifunika nyika hiyo kwa maji. Ndege wa kuishi chini ataenda wapi?

#41 Nyanya_Kinangop
Mimi nasema eneo ni dogo tu. Hapa kwetu shirika la Nature Kenya na wanakijiji wamenunua vipande vya majani kwa ajili ya Sharpe's, na nawashukuru sana. Lakini kipande ni kipande. Mvua ikikosea mwaka mmoja hana pa kuhamia.

#42 Fundi_Saa_Mwanza
Kwa hiyo sababu nne na hakuna jibu. Kama mkufu tu.

#43 Mbena_Houston
Wakuu nimerudi. Jumamosi hii nimekwenda tena, nikachukua chakula na kukaa. MwanaMweka, nimetazama mguu kama ulivyodokeza. Ukucha wa nyuma ni mrefu kiasi, lakini si ule wa ajabu. Na kula kwake si kwa wetu. Anachoma mdomo kwenye udongo ukiwa umefumbwa, kisha anaupanua humo humo ndani, tundu linafunguka, anachungulia kwa macho yote mawili, anachomoa mnyoo au mdudu. Amefanya hivyo mbele yangu mara tisa, kumi. Wa Njombe sikuwahi kumwona akifanya. Nimekubali, ni wawili.

Pia nimemwona yangeyange amesimama hatua tano kutoka kwake. Mhamiaji wa kweli wa Afrika na huyu anayefanana tu.

#44 MwanaMweka
Hapo umetazama, mkuu. Kupanua mdomo udongoni ni alama ya ukoo wake.

#45 Kozi_Mweusi
Nimeshindwa kwa heshima. Lakini tundu la tajiri bado nalifikiria.

#46 Mbena_Houston
Kuna jingine. Nilimwomba mdogo wangu aliye Njombe aende pale kwenye shamba la babu anipigie picha ya ndege, ili MwanaMweka aseme ni Fülleborn au siyo. Amenipigia simu jana usiku. Upande wa juu wote ni misonobari sasa, upande wa chini ni parachichi za jirani. Alizunguka tangu saa moja hadi saa tano. Amempata mmoja, kwenye ukanda wa majani uliobaki kando ya njia ya ng'ombe, upana wake kama barabara ya gari moja. Picha imekuja, lakini kampa mgongo.

#47 Fundi_Saa_Mwanza
Mwambie arudi asubuhi na mapema, akae chini, asimfuate. Atageuka mwenyewe kuimba.

#48 Nyanya_Kinangop
Na apige ukucha wa nyuma pia. Na hiyo njia ya ng'ombe ni ya nani, ya kijiji au ya mtu?

#49 Mbena_Houston
Ya kijiji. Nitamuuliza kama imepimwa.